Hedseti ya Emily na Kinu cha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Emily, binti yangu anayesomea urubani Nairobi, amesimamishwa kurusha ndege. Alipiga simu saa saba nikiwa kinuni, nikaona tu simu inatetemeka mfukoni mwa aproni. Nikatoka nje, bado sikusikia kitu. Nikamwandikia: andika. Akaandika.

Naweka hapa alivyoandika, nisije nikaanza kubadilisha kwa hofu. Mara mbili mnara wa kuongozea ndege umempa maelekezo akayarudia vibaya. Mwalimu wake akampeleka kwa daktari wa marubani. Daktari akasema masikio yake yameanza kuchoka kwa kelele. La kushoto linapiga filimbi hata akiwa kitandani. Asirushe tena mpaka apimwe tarehe 27 Mei. Siku hiyo anatakiwa awe na vitu viwili: masikio yasiwe yameshuka zaidi, na awe na hedseti yake mwenyewe ya ndege, ile inayoua kelele. Si zile za shule, zinavaliwa na kila kichwa mpaka sponji imekatika. Akikosa kimoja hapati cheti cha afya, na bila cheti hakuna rubani.

Wiki kumi na mbili. Nimehesabu kwa kalenda ya kanisa mara tatu.

Daftari hili alininunulia yeye Krismasi. Alisema, "Mama, wewe unaongea sana moyoni, andika." Niliachia shule darasa la sita. Nitaandika nilivyo.

Sabato, 8 Machi

Baada ya ibada Ogoti alinifuata mpaka kwenye lango. Ogoti ni kaka ya mume wangu, ndiye mwenye kinu cha posho hapa soko la Sironga, na mimi ndiye ninayekiendesha mwaka wa kumi na tisa sasa. Tena ndiye mwenyekiti wa kamati ya ukoo iliyomchangia Emily karo. Kwa hiyo mkono wake uko shingoni kwangu pande mbili.

"Nasikia msichana wetu ana shida ya masikio," akasema.

"Ni kelele za ndege, shemeji. Zile hedseti za shule zimekwisha."

"Kelele!" Akacheka na wazee waliokuwa karibu. "Hayo masikio hakuyatoa kwetu. Kwetu watu husikia mpaka wanaingia kaburini. Uliza kwao Nyanchera."

Nyanchera ni mimi. Nilitabasamu kama mjinga, kwa sababu ni Sabato na nilikuwa na Biblia mkononi. Mama yangu kweli alikufa akiwa hasikii vizuri, lakini alikuwa na miaka tisini na moja. Hata nyani wa miaka tisini na moja hasikii.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Mkanda wa kinu ulikatika. Nimerudi nyumbani saa nane, kichwa bado kinanguruma.

Jumapili, 16 Machi

Kamati ilikaa kwa Mzee Onsongo. Wamekubali kuchanga tena, lakini wamesema hii ndiyo ya mwisho, watoto wa wengine nao wanasoma. Nilishukuru. Nikasimama na karatasi yangu nikasoma kama Emily alivyoniandikia: hedseti ya ndege ndogo, inayoua kelele, yenye maiki.

Ogoti hakuniacha nimalize. "Mama Emily, kaa. Tumeshaelewa. Nitanunua mimi mwenyewe. Ninyi wanawake mkienda mjini mnarudi na mabeseni."

Wakacheka. Hata wake zao wakacheka, nao ndio wenye mabeseni.

"Lakini shemeji, ziko za aina nyingi, mtoto amesema..."

"Mtoto anasema! Nani anatoa, ni mtoto au ni ukoo?"

Mume wangu Ondieki alikuwa ameketi karibu na mlango akitazama kofia yake kana kwamba imeandikwa kitu ndani. Njiani nilimuuliza, "Baba Emily, leo ulikula ulimi?" Akasema Ogoti ni mkubwa wake. Ndiyo, najua ni mkubwa wake. Mimi niliuliza kuhusu ulimi.

Alhamisi, 20 Machi

Niliuza ndizi soko la Daraja Mbili mapema, nikapanda mjini Kisii kujionea mwenyewe. Niliambiwa niende kwa Fardosa, mama mmoja Msomali mwenye duka la simu na redio. Sijawahi kuona mwanamke mwenye dharau hivi. Nilimuuliza kama ana hedseti ya kuua kelele, akaniuliza kitu, sikushika vizuri. Akauliza tena kwa sauti ya kuita ng'ombe, duka zima likageuka:

"YA MUZIKI AMA YA NDEGE, MAMA?"

"Ya ndege."

"NDEGE GANI? YA BAWA AU HELIKOPTA? WAYA YAKE INA PLAGI MOJA AU MBILI?"

Nikasema sijui. Akarusha mikono juu. "SASA NIKUUZIE NINI? RUDI NA PICHA YA MWISHO WA WAYA!"

Nilitoka nikiwa nimeiva uso. Tangu lini mtu anapigiwa kelele hivyo kwa kuuliza bei? Siendi tena.

Jumapili, 23 Machi

Emily ametuma picha. Plagi ni mbili: moja nene ya kusikilizia, moja nyembamba ya maiki. Ya helikopta ni moja peke yake, haiingii kwa ndege yao. Ndiyo kusema yule mama wa dukani aliuliza swali la maana. Bado simpendi.

Emily anasema pia kuna hedseti za kubana, zinaziba sikio kama kifuniko cha sufuria, na kuna za betri, zinasikiliza kelele na kuizima kabla haijafika sikioni. Nikamuuliza betri ikiisha angani itakuwaje. Akasema inabaki ya kawaida, anaendelea kusikia mnara. Nikamuuliza una uhakika. Akasema, "Mama!" Nikamuuliza tena.

Jumatano, 26 Machi

Nilimpelekea Ogoti hiyo picha. Aliitazama kwa urefu wa kupiga chafya, akanirudishia simu.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua ya mawe. Majani chai yamepigwa mpaka yanafanana na sukuma wiki iliyoliwa na kuku.

Jumapili, 6 Aprili

Leo walinikabidhi hedseti. Ogoti alikodi hema. Mchungaji akaiombea. Kisha Ogoti akaitoa kwenye sanduku lake, akaiinua juu kama kikombe cha mpira, nyeusi, kubwa, na pembeni taa nyekundu zinawaka na kuzima. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikainuliwa mkono, nikapigwa picha nayo kichwani, picha ikaingia kwenye kikundi cha ukoo kabla sijaketi.

Niliishika nikatafuta waya. Hakuna waya. Nikatafuta maiki. Hakuna maiki. Nikacheza muziki wa kwaito waliouweka, nikanywa soda, nikasema Mungu awabariki.

Jioni Emily akaandika: "Mama, hiyo ni ya muziki. Siwezi kuongea na mnara nayo. Watanicheka shule nzima." Halafu akaandika, "Usiwaambie, watakutesa."

Mtu asiyetoka huku hataelewa ubaya wake. Kitu ukoo umekupa mbele ya watu na kikaombewa hakirudishwi, hakiuzwi, hakibadilishwi kama kamati haijakaa tena ikasema ndiyo. Ukikigusa peke yako, umeutemea mate ukoo mzima. Na kamati ni Ogoti.

Jumatatu, 7 Aprili

Nitaandika yote.

Ogoti alikuja kinuni saa nne kuchukua mauzo. Foleni ilikuwa ndefu, mahindi na wimbi. Nikamwambia, nikipaza sauti juu ya injini, "Shemeji, ile hedseti ni ya muziki. Haiingii kwa ndege. Naomba kamati ikae tubadilishe."

Akasogea, akasema kitu. Nikaona midomo. Nikamwonyesha debe linalofuata, nikidhani ananiuliza habari za foleni. Akasema tena, anatabasamu, kisha akageuka kuelekea kwa watu wa foleni akaendelea kusema. Watu wakaangalia chini. Mmoja akacheka kidogo, akajifunika mdomo na kitambaa.

Alipoondoka, Nyasani, jirani yangu wa kule chini ya shamba, alinivuta mkono nje.

"Nyanchera, hukusikia alichosema?"

"Aliuliza foleni."

"Yaya, hapana! Alisema, 'Huyu amekaa na kelele ya kinu miaka kumi na tisa, imemfanya nini? Masikio yake si mazima? Kelele haiui sikio.' Akasema mara mbili. Halafu akatuambia, 'Mnaona? Hata hajibu.'"

Nilisimama pale, unga kwenye kope. Nyasani alikuwa analia kwa hasira, mimi sikulia. Nilirudi ndani kwa sababu debe lilikuwa limejaa na lilikuwa linamwagika.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilirudi kwa Fardosa. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikwenda na picha ya plagi na ile hedseti ya taa.

Aliishika kwa vidole viwili. "NANI AMEKUUZIA HII? HII NI YA KIJANA WA DISKO!"

Nikamwambia, "Dada, mimi ni mtu mzima. Usinipigie kelele mbele za watu."

Akatoka nyuma ya meza, akaniketisha kwenye kigoda, akaketi mbele yangu uso kwa uso, mpaka nikaona wanja wake.

"Mama, mimi sikutukani. Siku ile nilikuuliza mara ya kwanza kwa upole, hukusikia. Marehemu mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Nikiongea chini wewe unajibu kitu kingine. Hujui?"

Nilisema ninajua. Nilikuwa sijui. Nilijua tu kwamba watu hukasirika nikiwauliza "nini" kila mara, ndiyo sababu nimeacha kusema "nini" na ninaitikia tu kila kitu.

Akaniletea chai ya maziwa yenye tangawizi. Tukaongea. Shemeji yake, Warsame, anapakia miraa kwenye ndege ndogo Nairobi, marubani anawajua kwa majina na kwa watoto wao. Fardosa akampigia hapo hapo. Kuna mbili: moja mpya, ya kijani, ya kubana tu, haina betri. Nyingine ya betri, inayoua kelele, imetumiwa na rubani mzee aliyestaafu, ameitunza, itawekewa sponji mpya. Zote plagi mbili. Bei zinalingana, kwa sababu ile ya betri ni kuukuu.

"Zitafika Jumatano. Chukua zote mbili, mtoto ajaribu Pasaka, urudishe moja," akasema. "Niachie kitambulisho. Mimi nakupenda lakini sikujui."

Nilimwachia. Hiyo hedseti ya taa akasema ataipokea kama sehemu ya malipo, mnunuzi anaye. Nikamweleza habari ya kamati na kuombewa. Akashika kichwa. "Wallahi, hata kwetu sisi ukoo ni mzigo, lakini ninyi mmezidi."

Alhamisi, 17 Aprili

Emily amefika. Amekonda. Nimempikia mboga ya chinsaga na kuku. Nilimsuka rasta nene Januari mimi mwenyewe, bado zinamkaa vizuri. Miwani mipya.

Jumapili, 20 Aprili

Tulikwenda kinuni saa kumi na mbili na nusu, kabla ya wateja. Nina ufunguo. Nilifikiri: ndege ni injini, kinu ni injini, kama kitu kinaua kelele tutakijua hapa. Emily alicheka, akasema hata mafundi wa Ulaya hawangefikiria.

Nikawasha. Akavaa ya kijani kwanza. Akakunja uso. Akaandika kwenye daftari hili, hapa ukurasa wa nyuma: "Inabana kama mkono wa polisi na kelele bado inaingia." Akavaa ya betri, akabonyeza. Macho yakamfunguka, halafu akayafinya tena. "Mngurumo umekwenda," akaandika, "lakini kuna upenyo kushoto."

Nilimsogelea nikatia kidole kati ya sponji na kichwa. Kidole kikaingia. Rasta. Zile rasta nene nilizosuka mimi, zinainua kikombe cha hedseti, na mguu wa miwani nao unainua, na kelele inapita hapo kama panya chini ya mlango. Nikazima kinu. Nikamkalisha kwenye gunia, nikaanza kufumua upande wa kushoto. Nilikuwa nasema samahani, samahani, samahani.

"Mama, wewe hukujua. Mimi ndiye rubani na sikujua."

"Shuleni mtu hawezi kukuambia?"

"Wengine wote wamenyoa, Mama. Ni vijana wa kiume."

Nikamsuka mistari midogo ya kulala kabisa kichwani pande zote mbili, kama ya mtoto wa nasari. Nikawasha kinu. Ya kijani: bado mguu wa miwani unaipa upenyo, inalia. Ya betri: akaweka, akabonyeza, akatulia. Alitulia kama mtoto aliyeshiba. Akanionyesha dole gumba. Nami nikajua ni ile.

Hapo ningeishia, lakini akasema, "Jaribu wewe." Akanivika.

Kinu kilikwenda. Nilikiona kinatikisika, nilihisi sakafu miguuni, lakini yule ng'ombe anayenguruma kichwani mwangu kila siku alikuwa ametolewa zizini. Nilishangaa. Halafu nikasikia kitu kingine: filimbi. Nyembamba, ndefu, haipumui.

Nikaivua. "Emily, hii imeharibika. Inapiga filimbi."

Akaivaa. "Sisikii filimbi."

Nikaivaa tena. "Iko. Sikiliza. Iiii."

Akazima kinu kwa mkono wake. Akazima hedseti. Akanivua. "Na sasa?"

"Bado iko."

Alinitazama vile nilivyomtazama mimi alipoungua kwa uji akiwa mdogo. "Tangu lini, Mama?"

Nikafikiria. "Ulikuwa darasa la pili. Nilidhani kila mtu anayo."

Alianza kupiga ukuta wa mabati na kiganja. Hapo hapo Ogoti akaingia.

"Kinu changu kimekuwa uwanja wa maonyesho?"

"Baba mdogo," Emily akasema. Ogoti ni baba mkubwa wake. Alikosea kwa hasira au alimshusha makusudi, sijui. "Mama hasikii. Kinu chako kimemla masikio."

Ogoti akasema kitu kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya heshima. Sikushika hata neno. Na hapo, kwa mara ya kwanza, nikaelewa. Miaka yote nilikuwa nikimsifu Ogoti kwamba hapandishi sauti, si kama watu wengine wanaonibwatukia. Wengine wote wanapandisha kwa sababu wanataka niwasikie.

"Amesema nini?" nikamuuliza Emily.

"Amesema ni damu ya kwenu. Amesema nami ninayo, na pesa za ukoo zimemwagwa."

Ijumaa, 25 Aprili

Emily amerudi Nairobi kwa masomo ya darasani. Kabla ya kuondoka alinipeleka Kisii nikapimwe. Walinifungia kwenye kichumba kama kabati, nikabonyeza kitufe kila niliposikia. Nilibonyeza kidogo.

Yule mpimaji, kijana mpole, alichora mstari. Unakwenda vizuri, halafu unaanguka kwenye shimo, halafu unapanda kidogo. Emily akatoa karatasi yake ya Nairobi, akaiweka juu ya yangu kwenye mwanga wa dirisha. Shimo lake ni dogo, la kwangu ni kisima. Lakini ni pale pale.

"Uzee huteremka tu, haupandi tena," kijana akasema akiniangalia usoni, neno moja moja. "Shimo la namna hii mara nyingi ni la kelele. Unafanya kazi gani, mama?"

"Nasaga kinuni. Na shimo langu litapona?"

"Halitapona. Lakini ukiondoka kwenye kelele halitachimbika zaidi. La binti pia."

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Nimevaa pamba masikioni kinuni. Wateja wamecheka, nikacheka nao.

Jumapili, 4 Mei

Kamati. Niliomba mwenyewe ikae, kupitia Mzee Onsongo. Nilitandika karatasi mbili mezani, moja juu ya nyingine, nikaeleza shimo. Nikaeleza plagi mbili. Nikaomba niruhusiwe kubadilisha kitu kilichoombewa.

Walipitishiana karatasi mikono yote. Ogoti hakuigusa. Mzee Onsongo akaniashiria nisogeze kiti karibu naye, akawaambia wote, "Pandisheni sauti. Mama huyu asikie anachohukumiwa." Mungu ampe siku nyingi.

Basi Ogoti ikabidi apandishe. Na sauti yake ikipanda inakuwa nyembamba, sikuwa najua. "Tukikubali hedseti hii tunakubali hiyo karatasi! Leo ni ndege, kesho Nyanchera ananipeleka kwa chifu kudai masikio! Kesho kutwa wakili! Mnataka nifunge kinu?"

Kumbe. Mwenzangu hakuwa na chuki na Emily. Alikuwa anaogopa. Miezi miwili anamkanyaga mtoto wangu kwa sababu amesimama juu ya kosa lake na hataki mtu aone ardhi. Ningemhurumia kama angemkanyaga mtoto wa mtu mwingine. Hapana, hata hivyo nisingemhurumia.

Hapo mume wangu akasimama. Alikuwa na kofia yake mkononi, akaivaa, ndio nikajua ana jambo.

"Kaka," akasema, kwa nguvu, ili nisikie mimi, "nilikuletea mke wangu kinuni nikidhani ninakusaidia. Alikuja anasikia mbu." Akaketi. Ni hayo tu. Lakini nimeolewa naye miaka ishirini na sita na sijawahi hata mara moja kumsikia kwa sauti hiyo.

Wazee walitoka nje, wakarudi. Mzee Onsongo akasema njia iko moja. Nitamke mbele ya watu kwamba sina neno na Ogoti juu ya kinu, wala sitalipeleka popote, basi Ogoti naye atamke hedseti ibadilishwe. Tukila pamoja limekwisha, atakayelifufua laana ni yake.

Nyasani alinishika gauni kwa nyuma. "Usiseme! Hiyo ni haki yako unauza."

Najua ni yangu. Niliipima. Kwenye mkono mmoja masikio ambayo hayarudi, kwenye mwingine masikio ambayo bado yapo. Mama gani anahitaji mizani hapo?

Nikasimama. "Mimi Nyanchera, sina neno na shemeji yangu juu ya kinu. Sitalipeleka popote."

Ogoti akatazama juu kwenye mabati. "Hedseti ibadilishwe," akasema.

"Hatukusikia," mume wangu akasema.

"IBADILISHWE!"

Tukala. Nyama ilikuwa ngumu. Nilitafuna nikimtazama.

Alhamisi, 8 Mei

Nimerudisha ya kijani, nimempa ile ya taa, na kilichobaki nimelipa kwa pesa za ndizi. Fardosa amenirudishia kitambulisho, akasema kwenye picha ninaonekana mkali. Nikasema siku hizi ndivyo nilivyo. Akaniongezea betri pakiti mbili, "na mtoto abebe za akiba kila safari, mwambie shangazi Fardosa amesema." Pia akaniambia Emily atafute miwani ya mguu mwembamba wa waya. Nimeandika.

Ile ya betri tumeituma Nairobi na gari la vifurushi. Sikulala mpaka Emily aliposema imefika.

Jumapili, 18 Mei

Emily amejua habari ya kiapo, Nyasani amempigia. Ameandika maneno makali. Eti nimemnunulia hedseti kwa masikio yangu, eti nani aliniomba. Sijamjibu. Mtoto akikasirika kwa ajili yako, mwache akasirike.

Jumanne, 27 Mei

Saa tano. Hakuna kitu.

Saa sita na nusu. Hakuna kitu. Nimefua nguo zilizokuwa safi.

Saa nane na dakika kumi: "Mama. Hayajashuka. Mstari ni ule ule wa Machi. Daktari ameishika hedseti ameigeuza ameuliza nani alinichagulia hii inayokubali miwani na nywele, nikasema ni mama, ana kinu cha majaribio. Amesaini. Narusha Ijumaa."

Niliisoma kwa Ondieki kwa sauti, halafu yeye akanisomea mimi kwa sauti. Kisha akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote, akakaa huko muda mrefu.

Jumatano, 28 Mei

Leo sikwenda kinuni. Saa mbili Ogoti alikuja mpaka mlangoni, matope mpaka magotini.

"Watu wamejaa, Mama Emily. Umechelewa."

"Sikuchelewa, shemeji. Nimeacha." Nikampa ufunguo.

"Ulikula nyama yangu! Ulitamka mbele ya wazee!"

"Nilitamka kwamba sina neno. Na sina. Ni kazi tu ndiyo sitaki."

Aliongea sana, baadhi nilisikia, baadhi alimwambia mbuzi. Hakuna mtu mwingine anayejua ule mkanda. Ilibidi aingie mwenyewe. Nilikuwa napita na kikapu kwenda kuchuma majani chai, nikamwona kwenye mlango wa kinu amejaa unga, shati la kanisani, watu wanamsukuma na madebe, injini inalia.

Nilisimama. Mimi si mtu mbaya. Nilimwambia kwa sauti yangu ya kawaida, sikuipandisha, "Shemeji, weka kitu masikioni."

Akainama mbele, mkono nyuma ya sikio. "Nini?"

Nilisubiri. Akasema tena, "Unasema nini?"

Mimi nilishasema. Nikapandisha kikapu begani nikaenda kwenye chai.